Kamanyola, Leopards wa 1974 na amri ya "kila mtu na mtu wake"

Katika viwanja vya tambarare ya Ruzizi, kutoka Kamanyola hadi Uvira, beki kijana hufundishwa amri moja kabla ya zingine: kila mtu na mtu wake. Simama kati yake na goli. Mwangalie yeye, uangalie na mpira. Akihama, hama naye. Ukigeuza kichwa mara moja, amekuponyoka.

Amri hiyo inasaidia kuelewa yaliyowapata Leopards wa Zaire nchini Ujerumani Magharibi mwaka 1974.

Jina la Kamanyola lilikuwa tayari maarufu nchini. Mwaka 1964 jeshi la taifa lilipigana hapa na waasi, na Mobutu, aliyekuwa mkuu wa jeshi hilo, akayageuza mapigano hayo kuwa sifa yake. Baadaye jina likapewa divisheni ya jeshi. Mpira nao aliutaka kwa kazi hiyo hiyo: kumpa ushindi wa kujivunia.

Na ushindi ulikuja. Machi 1974, mjini Cairo, Zaire ilitoka 2-2 na Zambia katika fainali ya Kombe la Afrika, kisha ikashinda 2-0 mechi iliporudiwa. Mabao yote manne yalifungwa na Ndaye Mulamba, aliyemaliza mashindano akiwa na mabao 9. Nyuma alikuwepo Bwanga Tshimen, mchezaji bora wa Afrika wa mwaka 1973. Hao hawakuwa watu wasiojua mpira.

Juni 14, huko Dortmund, walifungwa na Scotland 2-0 tu. Kisha habari ya marupurupu ikaharibu kambi: wachezaji waliambiwa hawatalipwa. Siku nne baadaye waliingia uwanjani Gelsenkirchen kucheza na Yugoslavia wakiwa na uchungu moyoni.

Kumkaba mtu kwa mtu kunasimama juu ya imani. Mimi simwachi wangu kwa sababu najua wewe humwachi wako. Mmoja akilegea, jirani yake analazimika kuchagua kati ya watu wawili, na safu nzima inavunjika. Ndivyo ilivyokuwa. Katika zogo la bao la nne, Ilunga Mwepu alimpiga refa teke, lakini aliyetolewa ni Ndaye, ambaye hakuwa na kosa. Sasa walibaki kumi, na kila hesabu ya mtu kwa mtu iliacha Myugoslavia mmoja bila mlinzi. Mapumziko yalifika 6-0, mechi ikaisha 9-0.

Katika mechi ya Brazil, waliyopoteza 3-0, Mwepu alitoka ukutani akaupiga mbali mpira wa adhabu ambao haukuwa wao. Dunia ilicheka. Baadaye alieleza kuwa sheria aliijua, ilikuwa hasira.

Mwaka 1994 uwanja mkubwa wa Kinshasa ulifunguliwa kwa jina la Kamanyola. Mwaka 1997, Mobutu alipoanguka, ukaitwa Uwanja wa Mashahidi, kwa heshima ya wanasiasa wanne walionyongwa hadharani mwaka 1966.

Jina hubadilishwa kwa siku moja. Lakini kicheko cha 9-0 kimewafuata wachezaji wale maisha yote, wakati miezi mitatu tu kabla yake walikuwa mabingwa wa Afrika. Kila beki alidaiwa asimwachie mtu wake. Waliowatuma ndio waliowaachia wao.