Wodi Zilizofundisha Madaktari

"Kamwene, bibi." Hivyo ndivyo mwanafunzi wa udaktari anavyoianza kazi katika wodi ya magonjwa ya ndani mjini Iringa, hata kama kwao ni Tanga na Kihehe chake kinaishia hapo. Kwa Mnyakyusa kule Mbeya ataanza na "ugonile". Kisha anauliza: kikohozi kilianza lini, usiku unatoka jasho, nguo zimeanza kupwaya? Huko ndiko kuchukua historia. Halafu analaza kiganja mgongoni mwa bibi, anagonga kidole juu ya kidole na kusikiliza. Pafu lenye hewa huitika kama ngoma; palipojaa maji, mlio hufa. Mbinu ya kugonga kifua iliandikwa mwaka 1761 na Leopold Auenbrugger, daktari wa Austria.

Tulipopata uhuru mwaka 1961, madaktari Watanganyika walikuwa 12 tu. Wa kwetu walikuwa wakisomea udaktari Makerere, Uganda. Shule ya udaktari ya Dar es Salaam ilifunguliwa mwaka 1963. Mikoani, mzigo waliubeba matabibu na madaktari wasaidizi, na Mbeya ilikuwa na chuo chake cha madaktari wasaidizi. Historia ya tiba ya nyanda hizi za Iringa na Mbeya ni ya hao kabla ya kuwa ya wenye shahada, na heshima wanayostahili bado hawajapewa.

Somo gumu kuliko yote lilikuja na UKIMWI. Utafiti wa kitaifa wa 2003–04 ulikuta watu wazima zaidi ya 13 katika kila 100 wana virusi, Mbeya na Iringa, wakati kitaifa walikuwa 7. Dawa za bure zilianza kutolewa nchini mwaka 2004. Kabla ya hapo, aliyejifunza tiba katika wodi hizi alijifunza kifua kikuu, utando wa fangasi mdomoni na homa ya uti wa mgongo, akijua dawa ya virusi vyenyewe haipatikani.

Leo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina ndaki ya sayansi za afya Mbeya, na wanafunzi wake hufuata raundi katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Hospitali ya Tosamaganga, nje kidogo ya Iringa, hupokea hata madaktari wa Italia wanaosomea ubingwa.

Basi msomaji, siku ukilazwa, mwanafunzi akikuomba akusikilize kifua nawe una nguvu, mkubalie. Daktari atakayemtibu mwanao anaanzia kwako.