Kukatika pumzi usingizini na ugonjwa wa mishipa ya retina

Kukatika pumzi usingizini ni hali ambayo misuli ya koo hulegea mtu akiwa amelala, njia ya hewa ikaziba kwa sekunde 10 au zaidi, kisha ikafunguka kwa mkoromo wa kushtuka. Ikitokea mara 30 au zaidi kwa saa, huhesabiwa kuwa kali. Mgonjwa mwenyewe kwa kawaida hana habari.

Kila pumzi inapokatika, oksijeni katika damu hushuka na presha hupanda. Retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, hutumia oksijeni nyingi mno kwa udogo wake. Ikipungukiwa hutoa protini ya VEGF, ambayo huifanya mishipa midogo ivuje na mingine mipya, iliyo dhaifu, ichipue. Kwa mwenye kisukari, ambaye mishipa yake tayari imedhoofika, majimaji huweza kujaa katikati ya retina, pale panapotumika kusoma na kutambua sura za watu.

Utafiti wa Taiwan uliotangazwa mwaka 2019 ulikuta kukatika pumzi kwa kiwango kikali mara nyingi zaidi kwa wenye kisukari waliovimba retina kuliko kwa wasiovimba. Hata hivyo, jaribio la Uingereza lilionyesha kuwa kulala na mashine ya kusukuma hewa ili koo lisizibe, kwa mwaka mzima, hakukuboresha uoni wa wagonjwa wa namna hiyo. Basi mashine haichukui nafasi ya sindano za jicho, leza, wala kudhibiti sukari na presha.

Mkoani Kilimanjaro, uchunguzi wa retina kwa wenye kisukari ulianzishwa mwaka 2010 kupitia hospitali ya KCMC, Moshi, na zaidi ya robo ya waliopimwa walikutwa na dalili za madhara ya kisukari kwenye retina. Kutoka Same mjini hadi Moshi ni takriban kilomita 100. Mtu wa vijiji vya milimani kama Chome au Mbaga huanza kwa kuteremka mlima. Dawa ya kupanua mboni wakati wa uchunguzi humwachia ukungu machoni kwa saa kadhaa, kwa hiyo ni vyema aje na mtu. Msindikizaji huyo akiwa mke au mume, ndiye shahidi wa usiku, na inasikitisha akiachwa kwenye benchi bila kuulizwa: mwenzako hukoroma? Pumzi hukatika? Huamka kichwa kikimuuma, au husinzia mchana akiwa ameketi? Akijibu ndiyo, mgonjwa anastahili kupimwa usingizi, na jicho lake kuangaliwa mapema zaidi.