Kupanga uzazi wakati wa epidemia: mambo ambayo kanisa linapaswa kujua

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali yetu ilitangaza Ebola katika Kivu ya Kaskazini, nayo ikaenea Ituri. Ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu 2287 walikuwa wamekufa. Siku zile tulitangaza madhabahuni habari ya kunawa mikono na kuacha kusalimiana kwa mkono. Kupanga uzazi hatukukutaja. Tulidhani kunaweza kungoja. Tulikosea.

Kwa nini huduma hukatika

Watu huogopa kituo cha afya. Wauguzi huhamishiwa kwenye epidemia. Kwetu tena vita hufunga barabara na dawa hazifiki. Mama anayetumia sindano ya miezi 3 akikosa tarehe yake, anaweza kupata mimba ambayo yeye na mume wake hawakuipanga.

Mimba hiyo ina hatari mbili. Mjamzito akiambukizwa Ebola, mara nyingi mtoto hufa. Na hata asipoambukizwa, mimba ikiharibika akatokwa damu, dalili zake hufanana na za Ebola. Hapo anaweza kuwekwa kando angoje majibu ya vipimo, wakati anahitaji msaada upesi.

Njia zinazofaa wakati huo

- Kipandikizi cha mkononi hulinda kwa miaka 3 au zaidi bila kurudi kituoni kila mara.
- Iko sindano ya chini ya ngozi ambayo mama, akiisha kufundishwa, anajichoma mwenyewe nyumbani.
- Anayetumia vidonge aombe vya miezi kadhaa kwa mara moja.
- Kunyonyesha husaidia miezi 6 ya kwanza, ikiwa mtoto hapewi kitu kingine, hata maji, na mama hajaona damu ya mwezi.

Wanaume waliopona Ebola

Virusi vinaweza kubaki katika manii miezi mingi baada ya mtu kupona. Shirika la Afya Duniani, OMS, linashauri ajizuie au atumie kondomu mpaka manii yapimwe mara 2 bila kuonyesha virusi. Sisi wachungaji tusimwambie mume kwamba kondomu katika ndoa ni dhambi. Hapa inalinda uhai wa mke wake.

Kazi yetu

Tangazo la epidemia lisomwe pamoja na siku za huduma ya kupanga uzazi katika kituo cha karibu. Tuongee na mabwana na mabibi pamoja, bila kumlazimisha mtu. Njia huchaguliwa na wenyewe wakisaidiwa na muuguzi. Mwanamke aliyebakwa afikishwe kituoni mbele ya saa 72 kupita, naye asiulizwe maswali ya aibu na wazee wa kanisa.

Wako kati yetu wanaoshika agizo la Mwanzo la kuzaa na kuongezeka. Sisi pia tunalishika. Lakini Paulo alimwandikia Timotheo kwamba asiyetunza watu wa nyumba yake ameikana imani. Kumlinda mama ili awalee watoto alio nao ni sehemu ya utunzaji huo.