Wahitimu wa Biashara katika Utumishi wa Umma

Katika miaka ya kwanza ya uhuru, serikali za Afrika ya Mashariki zilikabiliwa na uhaba uliokuwa mzito kuliko uhaba wa fedha, nao ni uhaba wa watu waliosomea kuzisimamia fedha hizo. Bendera ya Tanganyika ilipopandishwa Desemba 1961, chuo kikuu kishiriki cha Dar es Salaam kilikuwa na umri wa majuma machache tu, nacho kilianza na kitivo cha sheria peke yake. Ilhali mabwana wa utawala wa zamani walikuwa wakiondoka, na wizara zilihitaji watu wa kupima makisio, kukagua hesabu za mashirika, na kutambua mradi wenye faida na usiokuwa nayo.

Mwaka 1960, Carroll Wilson, aliyekuwa meneja mkuu wa kwanza wa Tume ya Nguvu za Atomiki ya Marekani, naye wakati huo akifundisha uongozi wa biashara katika chuo cha MIT, aliasisi kwa msaada wa Ford Foundation mpango wa kuwapeleka Afrika vijana waliohitimu masomo ya uongozi wa biashara na ya sheria. Muda wao ulikuwa miaka miwili, wala hawakuja kuwa washauri wa kukaa kando na kutoa rai, bali walishika vyeo halisi katika serikali na mashirika ya umma, wenye majalada ya kushughulikia na wakubwa wa kuwatii.

Mwaka 1963, taasisi ya Overseas Development Institute ya London nayo ilianza mpango uliofanana na huo kwa vijana wa elimu ya iktisadi. Sharti lake lilikuwa la hekima: serikali mwenyeji ndiyo iliyokuwa mwajiri, ilimlipa kijana mshahara wa kadiri ya mtumishi wa nchi, na taasisi iliongeza juu yake. Kwa sharti hilo amri ilibaki mikononi mwa wenye nchi, maana alipaye ujira ndiye mwenye kuuliza kazi.

Hata hivyo mipango hiyo haikukosa kasoro, kwani miaka miwili ni muda mfupi, na kijana alipoanza kuyafahamu mambo ya wizara, aghalabu siku yake ya kuondoka ilikuwa imewadia, akaenda zake na ujuzi alioupata kwetu. Dawa ya kudumu ilikuwa kuwafunza wana wa nchi wenyewe: ndipo shule ya serikali za mitaa ya Mzumbe, iliyoanzishwa mwaka 1953 chini ya milima ya Uluguru, ilipokuzwa mwaka 1972 kuwa chuo cha uongozi wa maendeleo.

Leo vyuo vyetu hutoa wahitimu wa biashara kila mwaka, na wengi wao hutembea na shahada wakitafuta kazi, hali halmashauri, zahanati na vyama vya ushirika vina haja ya watu wa hesabu. Basi wenye dhamana wauchukue mfano wa mipango ile ya vijana na kuusahihisha: wawape vijana hao muda maalumu wa utumishi, ujira wa haki, mkubwa wa kuwaongoza, na mwenzao wa kurithi kazi kabla hawajaondoka.