Wino wa Masizi, Chapa ya Mombasa: Historia ya Kitabu cha Nyumbani Kaskazini Mashariki

Januari 13, 2020, walimu watatu waliuawa na al-Shabaab huko Kamuthe, Kaunti ya Garissa. Baada ya hapo Tume ya Huduma za Walimu (TSC) ikawahamisha walimu wasio wenyeji, na madarasa mengi ya Garissa, Wajir na Mandera yakabaki na watoto na madawati. Machi ikaingia korona, shule za nchi nzima zikafungwa. Nairobi ilipoanza kuuliza mtoto atasomea vipi nyumbani, kwa Kaskazini Mashariki hilo lilikuwa swali la kale. Lilikuwa limeulizwa hata Novemba 2014, watu 28, wengi wao walimu, walipoteremshwa kwenye basi la Mandera na kupigwa risasi.

Serikali ilijibu kwa redio, televisheni na intaneti. Ni jibu zuri kwa mwenye umeme. Familia inayohama na ngamia kati ya Balambala na Ijara haikupata kitu hapo. Nililoliona la ajabu ni kwamba katika mijadala yote ile ya masomo ya nyumbani, hakuna aliyetaja kitabu ambacho nyumba za eneo hili zimekuwa zikijitengenezea kwa karne nyingi bila kungoja serikali yoyote.

Kitabu hicho kilianza kikiwa ubao. Wasomali huuita loox. Ni kipande cha mti kilichochongwa na kulainishwa, kikaachiwa mkono wa kushikia. Mtoto huwa na wake. Wino hutengenezwa papo hapo: makaa au masizi yaliyosagwa, maji au maziwa kidogo, na gundi ya mgunga ili usichuruzike. Kalamu ni ya mwanzi au kijiti kilichochongwa ncha. Maalim, yaani mwalimu wa Kurani, huandika aya za siku, mtoto huzisoma kwa sauti mpaka zimkae kichwani, kisha ubao huoshwa na aya nyingine zikaandikwa. Msahafu wa chapa ya Madina una kurasa 604, na kwa mtindo huu zote hupita juu ya ubao mmoja. Wachapishaji wetu wanaolilia bei ya karatasi wangeutazama ubao huo kwa wivu.

Na ilikuwa kazi ya familia, yenye malipo yake. Maalim alihama na wenye mifugo, dugsi, yaani shule ya Kurani, ikafunguliwa chini ya mti palipopigwa kambi. Wazazi walimlisha, wakampa mbuzi au ndama, na mtoto akikhitimu malipo yalikuwa makubwa zaidi. Mara nyingi mwana wa maalim naye aliishia kuwa maalim. Hapakuwa na ada ya muhula wala sare. Mvua iliponyesha kwingine, shule ilipakiwa juu ya ngamia pamoja na vyungu.

Ufundishaji wenyewe ulikuwa na akili ya kipekee. Wasomali humtaja Sheikh Yusuf al-Kawneyn, maarufu kwa jina la Aw Barkhadle, ambaye kaburi lake liko karibu na Hargeisa, kuwa ndiye aliyebuni namna ya kuzitaja irabu za Kiarabu kwa maneno ya Kisomali. Masimulizi humweka karne ya 12 au ya 13. Mtoto hakulazimika kujua Kiarabu ndipo aweze kusoma herufi zake. Aliingia kwa mlango wa lugha ya mama. Wataalamu wa mitaala wanaotuandalia leo semina za kufundisha kwa lugha ya mama wamekuja na habari ya zamani.

Upande wa kusini, Garissa imepakana na Lamu, na huko ndiko kulikokuwa na karakana kubwa ya vitabu ya pwani hii. Siyu, katika kisiwa cha Pate, ulikuwa katika karne ya 18 na 19 mji wa wanazuoni, wachonga milango, washona ngozi na wanakili wa Kurani. Ulikuwa pia na wakazi wenye asili ya Kisomali na ulifanya biashara na wafugaji wa bara. Karatasi ilivuka bahari kutoka Ulaya, wino ukawa mweusi, mwekundu na wa manjano, na jalada likashonwa kwa ngozi palepale. Misahafu ya Siyu iliyosalia huchunguzwa leo na wataalamu wa ng'ambo, huku Mkenya wa kawaida akiwa hajui kwamba nchi yake iliwahi kuwa na mji wa namna hiyo.

Familia ya Siyu ndiyo pia iliyotuachia kitabu cha masomo ya nyumbani kinachojulikana kuliko vyote. Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyemsumbua sana sultani wa Zanzibar. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake Mwana Hashima utenzi wa mafunzo ya dini, adabu na maisha ya ndoa. Mengi ya mawaidha yale yanabishaniwa sasa, na ni sawa yabishaniwe. Lakini itazame kazi yenyewe: mama anamwandalia mwanawe somo, kwa lugha ya nyumbani na kwa bahari rahisi kukariri, na somo hilo linanakiliwa nyumba hadi nyumba kwa zaidi ya miaka 70 kabla ya Alice Werner na William Hichens kulichapisha Uingereza mwaka 1934.

Mashine za chapa zilipoingia, biashara ilibaki mikononi mwa familia. Mjini Cairo, nyumba ya Mustafa al-Babi al-Halabi ilitoa vitabu vikiandikwa kwenye jalada kwamba ni vya mzee huyo na wanawe. Vingi vilisafiri kwa meli hadi pwani yetu. Kimojawapo cha vitabu vya kuanzia fikihi ni Safinat al-Naja, kijitabu chembamba cha Salim bin Sumayr, Mhadhrami aliyefariki Batavia, Jakarta ya leo. Kinasomwa Lamu, kinasomwa Garissa, kinasomwa Mogadishu. Mombasa nayo ilikuwa na nyumba zake, na jina la H.O. Adam na Wanawe limo kwenye vitabu vya dini vya Kiswahili vya karne iliyopita. Kabla yao Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeanzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932, alikwisha kuona kwamba mtoto wa Kiswahili anahitaji vitabu vya dini vyepesi vya lugha yake, akaviandika.

Serikali ya kikoloni haikuwa na haraka hiyo. Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, NFD, ilifanywa eneo lililofungwa mwaka 1926, na kuingia na kutoka kukahitaji kibali. Shule chache zilichelewa kufika, zikafuatwa na vita vya Shifta kuanzia 1963 hadi 1967. Mwaka 1968 Young Muslim Association ilifungua mjini Garissa makao ya watoto, yatima wakapata dini na masomo ya shule chini ya paa moja. Katika miaka ya 1970 serikali ikaleta shule za bweni za gharama nafuu. Wafugaji wengi hawakuzipenda, na sielewi kwa nini watu walishangaa: uliona wapi mfugaji akimkabidhi mtu asiyemjua mchungaji wake wa kesho?

Somalia ilipoanguka mwaka 1991, wakimbizi walifurika Dadaab, na wafanyabiashara wakaibadilisha Garissa Lodge ya Eastleigh, Nairobi, kuwa soko la vyumba vidogo vidogo. Bidhaa zilianza kupanda kutoka Dubai hadi Suq Mugdi, soko kuu la mji wa Garissa. Juzuu zilizochapwa ng'ambo zikawa rahisi kupatikana, na daftari likachukua nafasi ya ubao katika nyumba nyingi za mjini. Vijijini ubao haujafa.

Sasa sheria. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamlazimu mzazi kumpeleka mtoto shule. Sheria hiyohiyo ndiyo iliyounda Baraza la Kitaifa la Elimu ya Wahamaji, NACONEK. Mkono mmoja unamhesabu mtoto wa kambini kuwa mtoro, mkono wa pili unakiri kwamba nyumbani kwake hakukai mahali pamoja. Tangu 2018 serikali hununua vitabu vya kiada na kuvipeleka shuleni moja kwa moja. Kwa Nakuru ni mpango mzuri. Kwa mtoto wa Balambala maana yake ni kwamba kitabu chake kimefungiwa kabatini, kwenye shule isiyo na mwalimu, yeye akiwa malishoni.

Ukiulizwa kwa nini watoto wa huku husoma Kurani yote na wasimalize kitabu kimoja cha hisabati, usitafute jibu kwenye bidii yao. Kitabu cha kwanza hutengenezwa na watu wa nyumbani, hufundishwa kwa lugha ya nyumbani, na huifuata familia iendako. Cha pili hutoka kwa mshindi wa zabuni Nairobi, na hukaa palepale kilipoteremshwa kwenye lori.

NACONEK na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD) zinaweza kuligeuza jambo hili bila kujenga hata darasa moja. Ziwalipe maalimu na familia zao waandike vijitabu vya kusoma, kuhesabu na sayansi kwa Kisomali na Kiswahili, vyembamba vya kutosha kuingia mkobani, kisha vichapwe Garissa kwenyewe na kugawiwa kupitia dugsi. Na fedha za vitabu zimfuate mtoto, si jengo.