Mashua Isiyo na Jina

Miaka kadhaa iliyopita niliwapeleka wanafunzi wangu katika delta ya Rufiji kujifunza habari za manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg. Tukiwa njiani, upondo wa mzee aliyetuvusha uligonga kitu kigumu chini ya maji.

"Hapa pana mashua, Mwalimu," akasema. "Tangu utoto wangu ipo. Nyavu zetu hunasa hapa."

Nilimwuliza ilikuwa ya nani.

"Ya watu wa zamani," akajibu.

Jioni, tukirudi, maji yalikuwa yamekupwa. Tuliona ncha za mataruma zikichomoza topeni. Tukapiga picha moja, tukaondoka. Hadi leo najilaumu kwa picha ile moja.

Habari za Königsberg twazijua vyema. Tarehe 20 Septemba 1914 iliizamisha manowari ya Kiingereza, Pegasus, katika bandari ya Unguja, kisha ikajificha Rufiji. Tarehe 11 Julai 1915, baada ya kupigwa na manowari Severn na Mersey, nahodha wake, Max Looff, aliamuru izamishwe. Mizinga yake 10 iliopolewa ikatumika katika vita vya nchi kavu, na mmoja wa mizinga hiyo uko Ngome ya Yesu, Mombasa.

Twayajua hayo kwa sababu dola mbili zilikuwa na makarani, ramani na makabati ya kutunzia nyaraka. Lakini Waafrika walioikokota mizinga ile kutoka deltani hawakupewa nafasi kama hiyo katika kumbukumbu. Basi, kukosa jina si dalili ya kukosa historia. Mara nyingi ni dalili kwamba mwenye kalamu hakuona haja ya kuuliza.

Mashua ile ingeweza kujibu maswali mengi kama tungeuliza. Je, mbao zake zimeshikizwa kwa misumari, au zina matundu ya kupitishia kamba? Kitabu cha Kiyunani cha karne ya kwanza, Periplus, kinataja bandari ya Rhapta katika pwani yetu, iliyopata jina lake kutokana na vyombo vilivyoshonwa; na Rufiji ni miongoni mwa sehemu ambako wanazuoni wanadhani bandari hiyo ilikuwapo. Ufundi wa kushona vyombo uliendelea katika mitepe ya Waswahili hadi nyakati za karibu. Je, mbao ni za mti gani? Je, chombo kilibeba mpunga, au boriti za mikoko zilizopelekwa Unguja, Uarabuni na Ghuba? Sidai kwamba mashua ile ni ya kale sana. Huenda ni ya babu wa mzee yule. Hata hivyo, biashara ya babu yake nayo ni historia ya nchi hii.

Hapa ndipo sheria inapotuhusu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja mabaki yaliyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Yaliyo mapya zaidi kwa kawaida husubiri tangazo la Waziri. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001 unatumia kipimo kingine: kitu kiwe kimekaa chini ya maji kwa miaka 100 au zaidi. Kipimo hicho husogea pamoja na wakati, ilhali mwaka 1863 umesimama palepale. Nao mabaki yasiyojulikana umri wake hukwama: hayalindwi kwa kuwa hayajachunguzwa, na hayachunguzwi kwa kuwa hayamo katika orodha yoyote.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma makala hii, ombi langu ni dogo. Kila halmashauri yenye mto, ziwa au pwani iwe na daftari la mabaki yaliyo majini, na wavuvi wawe watu wa kwanza kuulizwa. Kwa wanafunzi: mkiona mbao topeni, msizing'oe. Pimeni urefu wa mkuku, hesabuni mataruma, andikeni mahali penyewe, tarehe, na maneno ya aliyewaonyesha.

Mto huhama, tope hufunika, na mbao kavu huishia jikoni. Mzee yule alinipa nilichohitaji kuanzia, nami nikakimbilia manowari ambayo tayari ilikuwa na waandishi wake.