OXO
OXO ni mchezo wa kompyuta uliotungwa mwaka 1952 na A. S. Douglas katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, kwa ajili ya kompyuta ya EDSAC. Uliiga mchezo wa kawaida unaochezwa kwenye miraba tisa: wachezaji wawili hupokezana kuweka alama za X na O, na anayetangulia kupanga alama zake tatu kwa wima, mlalo au mshazari ndiye mshindi. Katika OXO mtu alishindana na mashine. Alichagua mraba kwa kuzungusha kisahani cha namba kama cha simu za zamani, na alama zilionekana kwa nukta kwenye kioo. Kompyuta haikukosea hatua, hivyo hata mchezaji hodari aliambulia sare tu.